Super Bowl Jumapili hii: Chiefs wanashindaje mechi zote za jasho? Na Eagles wataweza?

Fundi Saa
Wakuu salaam. Jumapili hii tarehe 9 Februari 2025 ndiyo Super Bowl ya 59, fainali ya ligi ya mpira wa Kimarekani (NFL), Kansas City Chiefs na Philadelphia Eagles, ndani ya Superdome, New Orleans. Kwa saa za Afrika Mashariki ni saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo kama bosi wako ni mnoko anza kukohoa tangu Ijumaa.

Hoja yangu ni hii. Chiefs wamemaliza msimu na ushindi 15, wamefungwa 2 tu. Lakini ukizitazama mechi zenyewe unabaki kushika kichwa. Novemba Denver walikuwa na mpira mwepesi wa kupiga kwa mguu kati ya nguzo, sekunde za mwisho, ukipita tu wameshinda. Mkono ukanyanyuka, mpira ukazuiwa, Chiefs 16-14. Juzi Januari 26 wamewatoa Buffalo Bills 32-29, tena kwa tundu la sindano. Timu nyingine ikibahatika hivyo mara mbili tunasema bahati. Hawa ni msimu mzima! Siri ni nini?

Mimi nasema safari hii imefika mwisho. Eagles wanashinda kwa zaidi ya alama 10. Nipingeni.

Ngosha
Marefa. Uzi ufungwe.

KitaleRugger
Ngosha umeanza mapema sana. Ila kwa mechi ya Bills hata mimi nilipiga meza. Robo ya nne, Bills wako mbele 22-21, jaribio la nne, imebaki yadi moja. Josh Allen, mrushaji mpira wao, anajitumbukiza katikati. Refa wa upande mmoja anakuja mbio akionyesha amefika, wa upande wa pili anaonyesha hajafika. Wakafuata wa pili. Wakaangalia video, uamuzi ukabaki. Chiefs wakachukua mpira na kwenda kufunga. Hapo ndipo mechi ilipogeuka.

Refa Mstaafu
Mimi nimepuliza filimbi ya soka ligi ya mkoa miaka mingi, na nawaambia kitu kimoja: video haigeuzi uamuzi kama picha haionyeshi wazi. Pale kulikuwa na rundo la watu wanane juu ya mpira. Nani ameuona mpira? Wewe Ngosha uliuona?

Na kwenye robo hiyohiyo Bills walisawazisha 29-29. Nafasi walipata. Wakashindwa.

Ngosha
Mzee wangu shikamoo, lakini marefa mnateteana sana.

Lubumbashi_KC
Niko hapa Kansas City, nafanya kazi ghala moja zamu ya usiku, na ninyi mnasahau mwisho wa mechi ile. Bills wako nyuma, jaribio la nne, zimebaki yadi tano, dakika mbili za mwisho. Kocha wa ulinzi wetu, Steve Spagnuolo, akatuma watu kutoka pembeni, Trent McDuffie akiwa mmoja wao, wakamfuata Allen mbio. Allen hakuona pa kwenda, akarudi nyuma nyuma, akarusha mpira juu tu Mungu saidia. Dalton Kincaid wa Bills akaugusa, ukamponyoka. Mechi imeisha.

Hiyo si refa. Ni mzee Spagnuolo. Siku zote anangoja dakika ile ndipo anatoa kitu ambacho hajakionyesha mechi nzima. Ndiye huyohuyo alikuwa kocha wa ulinzi wa Giants walipowafunga Patriots waliokuwa hawajafungwa msimu mzima, Februari 2008. Siri mnayoitafuta ndiyo hiyo, jina lake Spags.

Mgeni Njoo
Samahani wakubwa, mimi nilikuja kutafuta uzi wa Simba na Yanga nikajikuta hapa. Jaribio la nne ndiyo nini?

KitaleRugger
Karibu Mgeni. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi kumi. Ikifika, inaanza upya kuhesabu. Isipofika, mpira unakwenda kwa wapinzani palepale. Ndiyo maana wengi wakifika la nne wanaupiga mpira mbali kwa mguu, au kama wako karibu wanapiga kati ya nguzo wapate alama 3. Kuingia nao hadi mwisho ni tachidauni, alama 6, na kamkia ka alama moja kwa mguu. Mengine utayajua njiani.

Mgeni Njoo
Asante. Kwa hiyo wanaita mpira wa miguu halafu wanashika kwa mikono.

Fundi Saa
Mgeni usituanzie hilo, huo utani una umri kuliko wewe.

Bi Mkubwa wa Philly
Nimesoma nikacheka. Mimi naishi Philadelphia, jirani zangu wote wana kijani mpaka kwenye mbwa. Mnaongea Chiefs, Chiefs. Hebu tuongee kuhusu Saquon Barkley.

Huyu kijana Giants walimwachia Machi mwaka jana, Eagles wakampa mkataba wa miaka mitatu, dola milioni 37.75, watu wakasema mkimbiaji hastahili pesa hizo. Mechi yake ya kwanza, kule São Paulo, Brazil, tachidauni tatu. Novemba dhidi ya Jacksonville aliruka juu ya mtu KINYUMENYUME. Yaani amegeuka, mgongo uko kwa beki, hamuoni, na bado amempita juu kwa miguu yote miwili. Nilikuwa napiga pasi, nikaacha pasi juu ya nguo. Msimu wa kawaida amemaliza na yadi 2,005 za kukimbia na mpira. Wa nane katika historia kupita 2,000... nisahihisheni. Mechi ya mwisho kocha akampumzisha, akaacha rekodi ya Eric Dickerson ya 1984, yadi 2,105, ikae.

Halafu kwenye mtoano: Rams kwenye theluji, yadi 205. Commanders, mara ya kwanza kugusa mpira, yadi 60 hadi mwisho. Mechi ikaisha 55-23. Na Jumapili ni birthday yake, anatimiza 28. Chiefs waombe dua.

Mhasibu
Bi Mkubwa, wa tisa. Kabla yake walikuwa wanane: O.J. Simpson, Dickerson, Barry Sanders, Terrell Davis, Jamal Lewis, Chris Johnson, Adrian Peterson na Derrick Henry.

Ila kuna rekodi nyingine hamjaitaja. Ukijumlisha msimu na mtoano, Barkley ana 2,447. Terrell Davis mwaka 1998 alifikisha 2,476. Yadi 30 tu Jumapili na inakuwa yake. Kwa anavyokimbia anaweza kuzipata kabla hujamaliza kikombe cha chai.

Bi Mkubwa wa Philly
Wa nane, wa tisa, bado anakuja.

Lubumbashi_KC
Anakuja wapi? Chiefs wanajua kuzuia wakimbiaji. Chris Jones yuko katikati pale, Nick Bolton nyuma yake. Bolton mnamkumbuka au niwakumbushe Arizona?

Fundi Saa
Wakumbushe wageni, sisi tuna makovu.

Lubumbashi_KC
Februari 12, 2023, Glendale. Timu hizihizi. Eagles wanaongoza 14-7, mrushaji wao Jalen Hurts anakimbia, mpira unamdondoka bila hata kuguswa vizuri. Bolton anauokota, yadi 36, anaingia. 14-14. Mrushaji wetu Patrick Mahomes kifundo kimeumia tena kabla ya mapumziko, anatoka anachechemea, Eagles wako mbele 24-14, watu wa Philly wameanza kuimba. Kipindi cha pili tukafunga kila tulipopata mpira. Kadarius Toney akarudisha mpira yadi 65. Mwisho 38-35.

Ngosha
Umeruka sehemu kijana. 35-35, dakika mbili kasoro, jaribio la tatu Chiefs wamekosa, refa anatupa kitambaa cha kosa: James Bradberry wa Eagles kashika jezi. Chiefs wakapewa majaribio mapya, wakaua saa, mpigaji wao Butker akapiga zikiwa zimebaki sekunde 8. Marefa. Niliwaambia uzi ufungwe.

Refa Mstaafu
Bradberry mwenyewe baada ya mechi alikiri alivuta jezi, akasema alitumaini hawatamuona. Mshtakiwa amekubali kosa, wakili bado anakata rufaa!

KitaleRugger
😂😂 Mzee amemaliza.

Lakini kitu kilichoniuma siku ile si kitambaa. Ni Jerick McKinnon wa Chiefs. Njia nyeupe mbele yake, anaweza kufunga, akakaa chini makusudi kabla ya mstari ili saa iendelee kukimbia. Hapo ndipo utajua timu imefundishwa. Mchezaji wa kwetu angeingia, ashangilie na kuvua jezi, Hurts arudi na dakika moja na nusu.

Kwa hiyo jibu langu kwa Fundi Saa: Andy Reid, kocha mkuu wa Chiefs. Hawakosei hesabu mwishoni, wengine wanakosea. Mechi za jasho zinaamuliwa na nani anajua saa.

Mhasibu
Andy Reid huyohuyo ambaye alikuwa Philadelphia 1999 hadi 2012 na kilio cha kila mwaka kilikuwa kwamba hajui kutumia saa? Super Bowl ya Februari 2005 dhidi ya Patriots, yuko nyuma kwa alama 10, timu inatembea kama inakwenda sokoni, dakika zinaisha. Walifungwa 24-21. Waulizeni wazee wa Philly.

Bi Mkubwa wa Philly
Usiniulize, mume wangu hadi leo ukitaja mechi hiyo anatoka nje.

Ila Reid tunampenda, ndiye kocha mwenye ushindi mwingi zaidi katika historia ya Eagles. Na kuna kisa kingine hapa: alipofika Kansas City 2013 alikuta kocha kijana wa wapokeaji anaitwa Nick Sirianni. Hakumbakiza. Leo Sirianni ndiye kocha mkuu wa Eagles. Kijana ana deni la kulipwa mara mbili sasa.

Zinga la Muscat
Assalamu alaykum jamaa. Huku Muscat inaanza saa tisa na nusu usiku, nikimaliza ni moja kwa moja Alfajiri. Heri yenu.

Mimi nina nadharia tofauti kabisa: Chiefs hawashindi, wapinzani ndio wanajifunga. Ukiona jezi ile nyekundu unaanza kucheza kwa hofu. Bills wana Allen, mtu mwenye kilo zake, lakini wanakuwa na mshipa mmoja tu, kumsukuma yeye katikati kila yadi moja, na Chiefs wanajua. Denver wamejipanga vibaya kulinda mpigaji. Kila mtu ana kosa lake. Ukizoea kushinda, mwenzako anazoea kushindwa.

Mgeni Njoo
Hii naielewa. Ni kama kucheza na Al Ahly kule Cairo.

Zinga la Muscat
Umeanza kuwa mwanachama sasa.

Ngosha
Tukizungumzia kusukuma: ile ya Eagles ya kumsukuma Hurts makalioni, hiyo ni halali? Watu wazima wawili nyuma yake wanamkandamiza kama konda anajaza daladala.

KitaleRugger
Ni halali, na mimi kama mtu wa raga naipenda. Ni mol tu ile, rundo la kusukumana la raga. Hurts anachuchumaa na chuma cha pauni 600, karibu kilo 272, unamzuiaje? Wanalalamika walioshindwa.

Halafu mtazameni Jordan Mailata, beki wa kushoto wa laini ya mbele. Mwaustralia wa asili ya Samoa, mita 2.03, kilo zaidi ya 160. Alikuwa mtoto wa raga ya ligi kule Sydney. Eagles walimchagua raundi ya saba mwaka 2018 akiwa hajawahi kucheza mechi hata moja ya mchezo huu. Leo ni miongoni mwa bora duniani kwenye nafasi yake. Kila nikimuona namkumbuka Daniel Adongo wetu, kijana wa Nairobi, alitoka raga akasajiliwa na Indianapolis Colts 2013. Hakupata nafasi kubwa kama ile, lakini mlango aliugonga.

Fundi Saa
Na bado hakuna mtu wa huku kwetu aliyewahi kuvaa pete ya Super Bowl.

Mhasibu
Mathias Kiwanuka je? Babake Mganda, babu yake ni Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyeuawa enzi za Amin akiwa Jaji Mkuu mwaka 1972. Mathias alikuwa na Giants. Msimu wa kwanza wa pete alivunjika mguu, hakucheza fainali. Februari 2012 alikuwemo uwanjani, wakawafunga Patriots 21-17.

Fundi Saa
Kazaliwa Indianapolis huyo!

Mhasibu
Na Mailata kazaliwa Sydney, mbona mmemwita Msamoa? 😄

Muhoro wa Nakuru
Naona mmepotea njia. Turudi kwenye mechi, mimi ndiye nimekuja kubishana na Bi Mkubwa.

Barkley ni hatari, sawa. Lakini mwangalieni anayempigia njia. Landon Dickerson alitoka na goti kwenye mechi ya Commanders, Cam Jurgens mgongo unamsumbua. Jason Kelce, yule mzee wa katikati, amestaafu Machi mwaka jana, Jumapili atakuwa jukwaani akimtazama mdogo wake Travis wa Chiefs. Laini hiyo si ile iliyocheza Arizona. Weka Chris Jones mbele ya mtu mwenye goti bovu uone.

Pili, kocha wa ulinzi wa Eagles, Vic Fangio. Alikuwa kocha mkuu wa Denver 2019 hadi 2021, kitengo kimoja na Chiefs, wanakutana mara mbili kwa mwaka. Hakuwahi kuwafunga hata mara moja. Mahomes anamjua kama anavyojua njia ya kwao.

Chiefs 27, Eagles 24. Watakuwa timu ya kwanza kutwaa Super Bowl tatu mfululizo, jambo ambalo si Packers, si Steelers, si Patriots wameliweza.

Bi Mkubwa wa Philly
Packers walichukua mbili za mwanzo kabisa na ubingwa wa ligi wa 1965 kabla yake, kwa hiyo tatu wanazo, ila moja haikuwa Super Bowl. Nawapa heshima yao.

Goti na mgongo, wiki mbili za mapumziko hizo mwanangu. Na mbona husemi laini ya KWENU? Joe Thuney ni mtu wa ndani, mmemtoa mkampeleka pembeni kushoto tangu Desemba kwa sababu kila mliyemweka pale alipigwa. Nafasi yake ndani amekaa Mike Caliendo. Mbele ya Caliendo atakuwa anapita Jalen Carter wetu. Nimemaliza.

Muhoro wa Nakuru
Mama yangu, Mahomes hakai na mpira muda wa kutosha kufikiwa.

Mhasibu
Hapo ndipo mechi ilipo na nashangaa tumechelewa kufika. Fangio hapendi kutuma watu wengi mbele. Anatuma wanne, saba wanabaki nyuma kulinda. Kama wale wanne, Carter, Josh Sweat, Milton Williams, Nolan Smith, wanamfikia Mahomes bila msaada, basi wapokeaji wake, Travis Kelce na Xavier Worthy, watakuta msitu wa watu. Mahomes anakula sana timu zinazomrushia watu wengi, maana nyuma panabaki wazi. Ukimnyima hilo anatakiwa asubiri, na kusubiri nyuma ya Caliendo ni kazi.

Kama wanne hawamfikii, Muhoro yuko sahihi na Eagles wamekwisha. Mimi sijaamua.

Lubumbashi_KC
Mara ya mwisho Mahomes alipofungwa Super Bowl ilikuwa hivyohivyo, Tampa, Februari 2021, 31-9. Laini ilikuwa imeisha kwa majeraha, akakimbia usiku mzima. Hiyo ndiyo inanitia wasiwasi peke yake. Siwezi kusema kazini lakini hapa nimesema.

Ngosha
Kama marefa hawatakuwepo.

Zinga la Muscat
Kuna hesabu ya mji pia. Chiefs ubingwa wao wa kwanza wa Super Bowl, Januari 1970, waliuchukua hapohapo New Orleans, 23-7 dhidi ya Vikings, ingawa ulikuwa uwanja wa Tulane. Eagles walikwenda Superdome Januari 1981, Raiders wakawachapa 27-10. Mji unajua watu wake.

Refa Mstaafu
Uwanja huohuo 2013 umeme ulikatika katikati ya Super Bowl, dakika 34 giza. Ravens walikuwa wanawaburuza 49ers, taa ziliporudi ikawa mechi. Ngosha, hiyo nayo marefa?

Ngosha
Fundi umeme alikuwa shemeji wa refa.

Mgeni Njoo
Nani anaonyesha mechi? Mwaka jana king'amuzi chetu kilionyesha mpaka mapumziko, kikadai kifurushi kimeisha na nilikuwa nimelipia. Na mke wangu anauliza Kendrick Lamar anapanda saa ngapi.

KitaleRugger
Uliniambia umeingia kwa bahati mbaya ukitafuta Simba na Yanga, leo tunasikia mwaka jana ulikuwa unatazama! 😂

Kendrick ni mapumziko, kadiria saa kumi alfajiri kwenda kumi na nusu. DAZN wanayo mechi kwa walio nje ya Marekani.

Mgeni Njoo
Mwaka jana nilimtazama Usher. Hiyo si mechi.

Muhoro wa Nakuru
Fundi Saa ulisema Eagles kwa zaidi ya 10. Kamari huko Marekani wanatabiri Chiefs kushinda kwa alama moja na nusu. Wewe unajua kuliko Las Vegas? Weka dau. Ukishindwa picha yako hapa inakuwa Mahomes mpaka Pasaka.

Fundi Saa
Nakubali. Wewe ukishindwa unaweka Hurts.

Muhoro wa Nakuru
Na Eagles wakishinda kwa alama 3?

Fundi Saa
Wameshinda, unaweka Hurts.

Muhoro wa Nakuru
Hapana, ulisema zaidi ya 10. Chini ya hapo hakuna aliyeshinda. Mhasibu, amua.

Mhasibu
Chini ya 10, wote wawili mnaweka picha ya Ngosha.

Ngosha
Nitakata rufaa.